Herufi Tatu Kando ya Jina la Naseeb

Jumamosi, 5 Oktoba

Leo Bi Maureen kanipigia simu. Namba yake nilishaifuta, lakini sauti niliijua kabla hajamaliza kulitamka jina langu, maana hajawahi kulitamka sawasawa. Ni mama wa marehemu mume wangu. Tangu mwanawe afariki, huu mwaka wa pili, hakuna kati yetu aliyebisha hodi kwa mwenzake, na kutoka kwangu hapa Rosettenville hadi kwake Turffontein ni mwendo wa kwenda dukani.

Shida yake ni macho. Katikati pameziba, anaona pembeni tu, na daktari kamwambia hayatarudi. Ana kitabu cha kumaliza, kitabu cha kina Hannaford, ukoo wa mumewe, tangu huko Uingereza hadi hapa Johannesburg. Kinatakiwa kichapwe kabla ya Pasaka, jamaa zao watakapokusanyika. Amebakiza wosia za kale na madaftari ya kanisa. Picha zake zimo kwenye kompyuta na hawezi kuzisoma tena. Mwanawe mwingine, Trevor, yuko Perth, Australia. Anamsaidia kwa ushauri.

"Peter alisema unatunga uzi kwenye sindano gizani," aliniambia. Peter ni jina alilompa yeye. Kwangu mimi alikuwa Naseeb, jina alilojichagulia mwenyewe aliposilimu, kabla hatujafunga ndoa.

Marcelline alikuwa akinisikiliza, kitana kimesimama hewani. Chumba cha duka tunagawana, mimi na cherehani yangu, yeye na wateja wake wa kusuka. Ni Mrundi, Kifaransa kinamtoka kila mara, na mambo hayafichi. "Mais Shufaa, usiende. Yule mama hata pole hakukupa."

Nitakwenda. Nataka kuona mume wangu wamemwandikaje.

Jumatano, 9 Oktoba

Mwandiko wa Waingereza wa miaka mia nne iliyopita si mwandiko, ni adhabu. Herufi e inatazama nyuma, h imeshuka chini ya mstari kama uzi uliofumuka. Lakini Bi Maureen ni mwalimu hodari, hilo nimpe haki yake. Kwa kuwa kioo cha kompyuta hakioni, ananichorea herufi kwa kidole juu ya meza, nami natafuta mwenzake kwenye picha.

Wosia zao zinaanza kwa jina la Mungu, kama sisi na Bismillahi. Roho inakabidhiwa kwa Mola, mwili kwenye uwanja wa kanisa, halafu ndipo vinaanza vitu. Sufuria ya shaba kwa binti mkubwa. Ndama jike kwa mjukuu. Mwanamke mmoja wa Devon kaacha sketi nyekundu "iliyo bora kuliko zote" kwa wifi yake, na ile iliyochakaa kwa mtumishi, na kataja mpaka kitambaa cha bitana. Mimi fundi cherehani, nikamwelewa mara moja. Nikamwambia Bi Maureen huyu alitaka wifi aivae kanisani watu wote waione. Akacheka. Nami nikacheka. Halafu sote wawili tukakumbuka kwamba hatupendani.

Jumamosi, 12 Oktoba

Maji yamekatika Rosettenville nzima. Tumepanga foleni ya gari la maji mpaka mchana. Sikwenda.

Jumamosi, 19 Oktoba

Leo nimeonyeshwa mti wa ukoo wenyewe. Uko kwenye karatasi ndefu, ukiikunjua inafunika meza ya chakula na kuning'inia pande mbili. Juu kabisa ni Devon, chini kabisa ni Turffontein. Kazi yangu ilikuwa kumsomea kila jina naye anahakikisha. Kando ya baadhi ya majina kuna herufi tatu, d.s.p. Nikauliza. Akanieleza kwamba ni Kilatini, watu wa nasaba wanakitumia kwa kufupisha, maana yake huyu alikufa bila kuacha mtoto. Tawi limeishia hapo, usihangaike kulifuata.

Nikaendelea kusoma. Nikashuka mpaka chini. Kenneth, mumewe. Trevor na wanawe. Kisha Peter, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kufa, d.s.p.

Nilizisoma kwa sauti ileile niliyosomea nyingine. Nilitaka azisikie zikitoka kinywani mwangu.

"Yasmin ni nani, Mama?" nikamuuliza.

Akasema yeye ana sheria moja, aliirithi kwa mumewe. Kisichoandikwa kwenye daftari haandiki. Aliwahi kumfuta hata jemadari mmoja ambaye binamu zao wote walimpenda, kwa sababu hapakuwa na ushahidi. Ndoa yangu ilifungwa na shehe, serikalini haikuandikishwa. Cheti cha Yasmin mahali pa baba ni patupu. Yote mawili ni kweli. Mtoto alipozaliwa kibali changu cha kukaa kilikuwa kimeisha muda, tukaogopa kwenda kwenye dirisha la serikali kumwandikisha baba, tukasema tutarekebisha baadaye. Hiyo baadaye haikuja.

"Sawa," nikamwambia. "Karatasi ya kusema ana mtoto hakuna. Ya kusema hana iko wapi?"

Akaniambia chai yangu inapoa.

Nimerudi kwa miguu, radi zinapasuka juu ya uwanja wa mbio za farasi, na sikuharakisha hata hatua moja. Naseeb alikuwa baba. Alimbeba yule mtoto mgongoni kwa kitenge, mwanamume wa Kizungu, mtaani, watu wanamcheka, hajali. Leo aandikwe hakuacha kitu. Nimeumia, na nina hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nizaliwe.

Jumapili, 20 Oktoba

Bakiri amepita dukani. Ni Mzanzibari, fundi magari, alikuwa shahidi kwenye ndoa yetu. Nikamsimulia. "Eish, dada Shufaa, achana nao," alisema. "Kitabu chao, watu wao. Wewe unamjua mumeo, basi, sharp."

Marcelline naye kasema nisikanyage tena kule. Wote wawili wanataka niseme nimesusa. Nikisusa, herufi zitachapwa. Nitakaa mezani kwake kila Jumatano na kila Jumamosi mpaka zifutike.

Jumatano, 23 Oktoba

Nimekwenda. Hakutegemea kuniona, nilimjua kwa jinsi alivyochelewa kufungua mlango. Tumesoma wosia wa muuza ngozi. Hatukutaja lingine.

Jumatano, 30 Oktoba

Nimekwenda.

Jumatano, 13 Novemba

Wosia wa leo niuandike wote, maana sijapata kusoma kitu kama hiki.

Mwaka 1625, mwaka wa tauni. Joan Hannaford, mjane, anaumwa, mlango wake umefungwa na hakuna anayeruhusiwa kuingia. Mwandishi wa kuandika wosia haji kwa kuogopa ugonjwa. Basi Joan akajikokota mpaka dirishani na kuwaita majirani wawili, nao wakasimama chini barabarani, mbali. Akawatamkia kwa mdomo. Nilichonacho chote ni cha Christopher, mtoto wa mwanangu William aliyekufa, kwa kuwa ni damu yetu, na mtu yeyote asije akasema vinginevyo. Alipofariki, wale majirani wakaenda mbele ya baraza la askofu, wakaapa kwamba waliyasikia maneno hayo, ndipo yakaandikwa. Kuandika hawakujua. Mmoja kachora alama ya mundu, mwingine kagusa wino tu.

Bi Maureen alinitaka nisome mara ya pili. Christopher ndiye babu yao wote. Kila Hannaford aliye kwenye ile karatasi ndefu, kuanzia kwake kushuka mpaka Trevor, anapitia kwa Christopher. Kenneth alikuwa ameandika tu kwamba alibatizwa "kama mwaka 1619", na hakusema kaona wapi. Huu wosia wenyewe hakuwahi kuusoma, alisoma muhtasari.

"Tutafute ubatizo," akaniambia. Sauti yake haikuwa ya mwalimu.

Jumamosi, 16 Novemba

Daftari la kanisa, ubatizo, ukurasa kwa ukurasa. Wako kina Agnes, kina Richard, pacha waliobatizwa na kuzikwa wiki moja. Christopher hayumo. Mvua saa kumi, kama kawaida.

Jumatano, 20 Novemba

Hayumo. Nimetafuta pia ndoa ya William, baba yake. Haimo.

Jumamosi, 23 Novemba

Nimemchukua Yasmin, madrasa imefungwa leo na hapakuwa na wa kumwachia. Ana miaka kumi na mmoja. Zamani Naseeb alikuwa akimpeleka kwa bibi yake, mpaka yeye na mama yake walipogombana, mama akikataa kumwita kwa lile jina la Naseeb, na safari zikaisha.

Bi Maureen alimsalimia kwa adabu ya kusalimia mgeni. Aligeuza kichwa pembeni ili amwone, maana akimtazama usoni anaona kiza. Yasmin alidhani anamkwepa. Njiani kanisemesha Kiswahili chake kibovu, ambacho hukitoa akitaka jambo kubwa. "Mama, mimi sitaki kitabu yao."

Nikamwambia simtafutii yeye nafasi. Yeye anayo. Namtafutia baba yake.

Akafikiria mpaka tukafika kwenye robot, taa za barabarani. Akasema, hiyo sawa.

Jumatano, 27 Novemba

Tumeipata miaka yenyewe. Tangu 1617 hadi 1621 karatasi imeliwa na maji, pamebaki doa la rangi ya chai. Christopher kama aliwahi kuandikwa, aliandikwa humo. Kama hakuandikwa, hakuna atakayejua. Nilimwambia hivyo hivyo. Alipapasa kibodi, kama anayeweza kulisikia lile doa kwa vidole.

Jumamosi, 7 Desemba

Leo tumegombana, na sijui niseme tumegombana au tumezungumza.

Ilianza kwa mvua ya mawe. Ilianguka mapema, mawe makubwa, juu ya bati la kibaraza chake hata hatukusikilizana, na umeme ukakatika. Kompyuta ikazima. Tukabaki mezani na ile karatasi ndefu katikati yetu, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuondoka. Kelele ilipopungua nikamwambia yaliyokuwa rohoni tangu wiki iliyopita.

"Kwa sheria yako, mfute Christopher."

"Siwezi."

"Ndoa ya baba yake hakuna. Ubatizo wake hakuna. Mfute, na wote walio chini yake. Kenneth, Trevor, wajukuu. Karatasi itakuwa nyepesi."

"Siwezi," alirudia. "Joan alimjua."

Nikamwambia ndiyo, Joan alimjua. Joan hakuwa na cheti. Alikuwa na mdomo, na mashahidi wawili waliosimama barabarani. Tena nyakati zile nani alikuwa na karatasi ya serikali? Watu wao wote walioana mbele ya padri na watu wa kijijini, basi, na yeye anawaandika bila wasiwasi. Mimi niliolewa mbele ya shehe, walii wangu wa kuniozesha kaja kutoka Tanga kwa basi, mahari ilitajwa na watu wakaisikia. Kwa nini ya kwao ni ndoa na yangu ni hadithi?

Alipiga meza kwa kiganja. Sijawahi kumwona akifanya hivyo.

"Mlimzika mwanangu kabla sijamwona," alisema.

Nikaiondoa mikono yangu juu ya karatasi yao.

Naseeb alipogongwa na gari, Bi Maureen alikuwa Perth kwa Trevor. Nilimpigia alipolazwa, nikampigia alipokata roho alfajiri. Aliniambia nimsubiri, anatafuta ndege. Nikamwambia haiwezekani, anazikwa leo alasiri. Alizikwa alasiri. Kwao maiti anasubiri wiki, hata mbili, mpaka wa mbali wafike. Kwetu kumchelewesha ni kumtesa. Yeye alifika siku ya pili akakuta kaburi limeshafukiwa. Anaamini mimi nilikuwa pale kaburini, nikamwaga mchanga, nikamuaga, na yeye nikamnyima.

"Mimi sikuwepo," nikamwambia. "Wanawake wetu hatuendi makaburini. Walimtoa mlangoni nikabaki ndani. Kaburi niliambiwa tu lilipo."

Aligeuza kichwa, akanitazama kwa pembeni.

"Basi mbona hukuja kwangu?" akauliza. "Nilikaa humu ndani miezi. Nilisikiliza kengele ya mlango."

Nikamwambia nilikuwa kwenye eda. Mjane kwetu anatulia nyumbani kwake miezi minne na siku kumi, hatoki ovyo, na watu ndio wanaomjia kumpa pole. Nilimngoja yeye. Kila aliyebisha nilidhani ni yeye. Ilipofika mwisho wa eda niliifuta namba yake.

Kumbe alikuwa akiningoja mimi, na mimi namngoja yeye, kila mtu na desturi yake, kila mtu kakasirika.

Nilitamani kumshika mkono. Sikumshika, na sijutii. Maana hata baada ya yote hayo aliniambia, kwa sauti ndogo, kwamba huzuni si ushahidi. Nikamwambia basi nitamletea ushahidi. Mvua ilikuwa imekatika, bustani yake nyeupe kwa mawe, maua yote yamelala chini.

Jumamosi, 14 Desemba

Bi Maureen kafunga kazi mpaka mwakani. Mimi nashona sare za shule na magauni ya Krismasi ya wateja wa Marcelline, kila mmoja anataka lake liwe tayari jana.

Jumamosi, 11 Januari

Sikuomba ruhusa. Nilifika Turffontein na watu wangu wawili, Bakiri na bwelasuti yake ya gereji, na Marcelline aliyevaa kama anakwenda kanisani. Nikamwambia Bi Maureen, hawa walikuwa hospitalini Naseeb alipozungumza kwa mara ya mwisho. Ahoji anavyotaka.

Nilitegemea atakasirika. Badala yake alisimama, akavuta kiti akakiweka mwisho wa meza, akamwambia Bakiri akae na sisi wengine tukasubiri jikoni. Aliwahoji mmoja mmoja, kwa Kiingereza, kila mmoja peke yake, mlango umefungwa, kama baraza la askofu. Marcelline alinuna jikoni akisema yeye si mwizi. Akaingia, akakaa muda mrefu kuliko Bakiri.

Tukaitwa sote. Akasema Bakiri ameeleza kwamba Peter alitamka kwa Kiingereza. Marcelline ameeleza kwamba alitamka kwa Kiswahili. Nikaanza kueleza, akaninyamazisha kwa mkono. Maneno yenyewe, alisema, ni yaleyale kwa wote wawili.

Ni haya. Mwambieni mama yangu Yasmin ni wake pia, apende asipende. Nilikuwa nimengoja kumfikishia siku atakapokuja kunipa pole.

Alisema mara mbili, nikamweleza, kwanza kwa lugha ya mama yake, halafu kwa ya kwetu, ili kila mtu aliyekuwa pale awe shahidi. Bi Maureen aliitikia kwa kichwa polepole. Akasema katika miaka yote ya kusoma viapo amejifunza jambo moja. Mashahidi wanaolingana kila neno wamekaa pamoja wakapanga. Hawa hawakupanga.

"Apende asipende," alirudia. "Ndivyo anavyosema Peter."

Kisha akatushukuru na kusema atafikiria. Nje Bakiri kaniuliza, sasa ndiyo nini, tumeshinda au vipi? Nikamwambia bado.

Jumatano, 29 Januari

Nimekwenda. Mvua siku nzima. Bado anafikiria.

Jumamosi, 8 Februari

Leo aliniambia nichukue kifutio, nifute zile herufi. Nilifuta kwa nguvu, karatasi karibu itoboke. Nikauliza niandike nini. Akasema nisiandike kitu. Pabaki wazi. Trevor kasema kwenye simu kwamba hiyo ndiyo njia ya haki, hakuna anayedai na hakuna anayekana.

Nilimuuliza kama Joan alisema pabaki wazi.

Akasema nielewe, Trevor ndiye anayesimamia kuchapwa kwa kitabu. Nikamwambia nimeelewa vizuri sana. Nikachukua mwavuli wangu. Kumtoa mume wangu kwenye uongo na kumwacha kwenye ukimya sikukuita ushindi, na nilimwambia hivyo mlangoni. Nikamwambia pia kwamba ukoo huu anauzungumzia kama wa damu, lakini ninaouona mimi unabebwa na wake walioolewa humo. Joan aliolewa humo. Yeye Maureen kaolewa humo. Mimi nimeolewa humo. Asiponitambua mimi, na yeye anatafuta nini kwenye hii meza?

Sirudi tena kule. Mengine amsomee Trevor.

Jumamosi, 15 Februari

Simu imeita. Sikuipokea.

Jumatano, 19 Februari

Simu imeita. Marcelline kaniambia niipokee, yuleyule aliyeniambia nisiende. Wanadamu hawa.

Jumapili, 2 Machi

Ramadhani imeingia. Yasmin anafunga nusu siku na kujisifu siku nzima. Mvua zimeanza kupungua, jioni ina ubaridi.

Jumamosi, 8 Machi

Mchana, nimefunga, koo limekauka, nimeinama kwenye pindo la suruali, nikasikia Marcelline akisema "Mon Dieu" taratibu.

Bi Maureen alikuwa mlangoni. Amekuja kwa teksi ya abiria, ile ya kubanana, peke yake, na macho yale. Kashukia kwenye kona ya duka la mikate la Wareno, akauliza watu njia mpaka hapa. Viatu vyake vilikuwa na tope. Marcelline akampa kiti cha plastiki cha wateja. Hakukaa.

"Nimekuja kutoa pole," alisema. "Nimeambiwa kwenu mtu anamfuata mfiwa."

Nilisimama na futi yangu shingoni, na machozi yakanitoka mbele ya wateja watatu wenye nywele nusu. Nikamwambia nimepokea. Nikamwambia naye pole kwa kufiwa na mwanawe, maana hakuna aliyempa kwetu sisi. Akasema amepokea. Ndipo akakaa.

Yasmin alirudi kutoka spaza, kiduka cha mtaani, akamkuta. Alisimama mbali kidogo. Bi Maureen akamwambia kwamba macho yake yameharibika katikati, kwa hiyo akigeuza uso ndiyo anamtazama. Yasmin akauliza kama akisimama pembeni ataonekana vizuri zaidi. Akaambiwa ndiyo. Akahama, akasimama pembeni ya kiti, na walikaa hivyo kwa muda, bibi anatazama ukutani, mjukuu anatazamwa.

Alipotaka kuondoka nilimwambia pole nimeipokea, lakini pale wazi sijapakubali. Nisingetaka afikiri nimelegea. Akasema hakufikiri hivyo hata kidogo. Akaniomba Jumatano nije na kalamu ya wino.

Jumatano, 12 Machi

Kaniambia nisome tena kitu tulichokipita Oktoba, Hannaford mmoja aliyeandikwa kwa majina mawili, moja la baba, moja la nyumba alikokulia, na katikati neno la Kilatini la kusema "ajulikanaye pia kama". Watu wao walikuwa nayo mengi majina hayo. Ndivyo tutakavyomwandika, Peter ajulikanaye pia kama Naseeb, alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kulisikia jina la Naseeb mdomoni mwake. Hakulitamka sawasawa. Nilimrekebisha, akarudia, nikamrekebisha tena.

Lakini wino haukutumika. Katikati ya kazi Trevor alipiga simu, na nilisikia sauti yake kwenye spika, ya mtu mpole aliyeshaamua. Akasema kitu kisicho na cheti hakitachapwa kwa jina la familia, na kwamba anakuja mapema Aprili, watalimaliza ana kwa ana. Bi Maureen alisema vizuri, njoo. Baada ya hapo akaniomba tuache mpaka mwenyewe afike.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Nimempelekea Bi Maureen sahani ya pilau. Yasmin ndiye aliyeibeba. Trevor anafika Ijumaa. Naogopa, niseme kweli. Mama ni mama, na yule ni mwanawe aliyebaki.

Jumamosi, 5 Aprili

Trevor ni mrefu na anafanana na Naseeb mpaka nikarudi hatua moja nyuma alipofungua mlango. Alinipa mkono vizuri. Alimwambia Yasmin kwamba amekua. Bakiri na Marcelline walikuwepo, Bi Maureen ndiye aliyewaita, na ile karatasi ndefu ilikuwa imekunjuliwa mezani.

Trevor alizungumza kwa ustaarabu. Alisema hana chuki na mtu. Alisema yeye mwenyewe anaamini, moyoni, kwamba huenda ni kweli. Lakini kitabu si moyo. Baba yao Kenneth alikijenga miaka thelathini juu ya sheria moja, na leo tukiivunja kwa ajili ya huruma, kila mtu atakuja na lake. Nilimjibu kwamba huruma yake sikuiomba, aiweke. Akanitazama. Nikamtazama vilevile, sikuinamisha macho.

Ndipo akamgeukia mama yake, kwa upole, kama anayemaliza jambo.

"Niambie tu kitu kimoja, Mama. Cheti kiko wapi?"

Bi Maureen alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha mwisho wa meza, pale alipowakalisha mashahidi mwezi wa kwanza. Aligeuza uso upande wa dirisha ili amwone mwanawe vizuri.

"Cheti ni mimi," alisema.

Trevor alifungua mdomo. Mama yake hakumngoja. Alisema mbele yetu sote, taratibu, ili nipate kuandika, kwamba Peter ajulikanaye pia kama Naseeb, mwanawe, alimwoa Shufaa wa Tanga, wakazaa binti, Yasmin, ambaye ni damu yao. Wanaolijua hilo ni Bakiri na Marcelline, na yeye Maureen Hannaford, bibi wa mtoto. Kitabu kikichapwa, kichapwe hivyo. Kisipochapwa, hii karatasi itasomwa Pasaka mbele ya jamaa wote, na yeye ndiye atakayesimama kuisoma kwa kichwa, maana anaijua yote.

Yasmin alikuwa amekuja kusimama karibu yangu, pembeni ya bibi yake.

"Umeandika?" Bi Maureen aliniuliza.

Nikamwambia bado, kalamu inasumbua. Akasema basi niikung'ute, niandike.